Silaha za Beaumarchais kwa Wamarekani, 1776–1778: zilikuwa zawadi au mali kauli?

Mwalimu wa Historia (Moshi)

Wanajukwaa, salaam. Nafundisha Historia katika shule moja ya sekondari hapa Moshi, na kila Jumamosi asubuhi nasimamia mdahalo wa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Hoja ya Jumamosi ijayo inasema kwamba Silas Deane alidhulumiwa na nchi aliyoitumikia. Niliichagua nikiamini kwamba ni hoja nyepesi yenye pande mbili zilizo wazi, lakini kadiri ninavyoisoma ndivyo inavyozidi kunichanganya, na sasa naomba msaada wenu kabla sijaumbuka mbele ya watoto.

Kwa wasioifahamu habari hii, mambo yalikuwa hivi. Mwezi Machi 1776, makoloni ya Uingereza kule Amerika yakiwa vitani lakini yakiwa bado hayajatangaza uhuru, kamati ya siri ya Kongresi ilimtuma Deane, mwanasheria na mfanyabiashara wa Connecticut, aende Ufaransa akijifanya mnunuzi wa kawaida wa bidhaa. Alichotumwa hasa ni kutafuta nguo na silaha za watu 25,000, pamoja na baruti na mizinga 100. Alifika Paris mwezi Julai, Kifaransa kikimpiga chenga, akakutana na Beaumarchais, fundi saa aliyegeuka kuwa mwandishi wa tamthilia na mtu wa kutumwa kazi za siri za mfalme. Beaumarchais alikuwa na kampuni ya kubuni iliyoitwa Roderigue Hortalez et Compagnie. Serikali ya Ufaransa ilimpa livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) milioni 1 tarehe 10 Juni 1776, Hispania ikaongeza milioni nyingine, na wafanyabiashara binafsi wakatia za kwao. Silaha zilitolewa kwenye maghala ya jeshi la Ufaransa, zikapakiwa melini kwa jina la kampuni hiyo, naye Deane akaahidi kwamba Kongresi italipa kwa tumbaku na mazao mengine.

Upande wa pili alikuwepo Arthur Lee wa Virginia, daktari aliyesomea Edinburgh kisha akageukia sheria mjini London, ambaye alikuwa amezungumza na Beaumarchais kabla Deane hajatia mguu Ufaransa. Yeye aliiarifu Kongresi kwamba silaha zile ni msaada wa mfalme na hazidaiwi chochote. Benjamin Franklin alipowasili Desemba 1776, yeye, Deane na Lee wakawa wajumbe wa pamoja, na tangu hapo nyumba ikawaka moto.

Jana niliandika ubaoni majina ya wote watatu, na chini yake neno "msaada". Mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake ana duka la vipuri vya pikipiki, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni msaada, tumbaku waliyoahidi ilikuwa ya nini? Na kama ni biashara, stakabadhi ziko wapi?" Nililifuta lile neno kwa kiganja, nikabaki nimeshika chaki. Basi maswali yangu ni mawili. Je, Deane aliiba? Na je, ugomvi wake na Lee ulihusu fedha kweli, au fedha zilikuwa kisingizio tu cha watu wawili wasiopendana?

Mkaguzi Mstaafu (Arusha)

Mwalimu, pole. Nimekagua vitabu vya hesabu vya watu kwa miaka mingi kabla sijastaafu na kuja kuhangaika na migomba yangu huku Tengeru, kwa hiyo nitakujibu kama mkaguzi, si kama mwanahistoria. Swali la mwanafunzi wako Kongresi yenyewe ilichukua zaidi ya miaka 50 kulimaliza, na hata hivyo ililimaliza kwa kulipa, si kwa kulijibu. Usione haya.

Tuanze na ile kampuni, maana kiini kiko pale. Mwaka 1776 Ufaransa ilikuwa na amani na Uingereza, angalau kwenye makaratasi. Balozi wa Uingereza mjini Paris, Lord Stormont, alikuwa na watu wake bandarini, na kila alipopata fununu ya meli iliyopakia mizinga alikwenda kulalamika kwa Vergennes, Waziri wa Mambo ya Nje. Ili Vergennes aweze kukana bila kupepesa macho, ilibidi msaada ufanane na biashara kwa kila kitu: jina la kampuni lenye harufu ya Kihispania, ofisi, makarani, ankra, na makubaliano na Deane kuhusu malipo. Lakini ukishaivika zawadi kanzu ya biashara kwa ustadi huo, nani atakayekuja kuthibitisha baadaye kwamba ndani ya kanzu hamkuwa na mfanyabiashara? Beaumarchais alitumia milioni za wafalme, ni kweli, ila alitumia pia fedha za wenzake waliotaka faida, akakodi meli na kulipa mabaharia. Meli yake iitwayo Amphitrite ilifika Portsmouth, New Hampshire, mwaka 1777, na silaha zilizopita kwenye mkondo huo zilisaidia ushindi wa Saratoga mwezi Oktoba mwaka uleule. Mali ilikuwa ya kweli. Aliandika barua baada ya barua akidai tumbaku yake, na Kongresi, ambayo tayari ilikuwa imeambiwa na Lee kwamba haidaiwi, ilikaa kimya.

Sasa angalia namna mtoaji mwenyewe alivyozidi kulivuruga jambo. Mwaka 1778, Kongresi ilipotaka kujua ukweli, Vergennes alijibu kupitia Gérard, mjumbe wake huko Philadelphia, kwamba mfalme hakutoa kitu chochote. Aliruhusu tu Beaumarchais achukue vifaa maghalani kwa sharti la kuvirudishia. Miaka mitano baadaye, katika mkataba wa mikopo wa Februari 1783, Ufaransa hiyohiyo ikaorodhesha livre milioni 3 kuwa zawadi iliyotolewa kabla ya mikataba ya 1778. Kwenye vitabu vya benki ya Franklin zilionekana milioni 2 tu. Ilipoulizwa ile ya tatu alipewa nani, serikali ya Ufaransa ilithibitisha kwamba ilitolewa tarehe 10 Juni 1776, lakini ikakataa kuonyesha stakabadhi. Stakabadhi hiyo ilitolewa mwaka 1794, mfalme akiwa ameshakatwa kichwa na mawaziri wake wametawanyika, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya Beaumarchais.

Ungedhani hapo kesi imekwisha na Lee ameshinda. Haikwisha, kwa sababu stakabadhi ya kupokea haisemi fedha zilitumikaje. Lee, ambaye baadaye alipata nafasi ya kukagua hesabu za adui zake (jambo ambalo katika kazi yangu lingenifukuzisha siku hiyohiyo), alipiga mahesabu akakuta kwamba Beaumarchais ndiye anayedaiwa na Kongresi. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa Marekani, alikagua mwaka 1793 akakuta kinyume chake, kwamba Beaumarchais anadai zaidi ya franka milioni 2. Beaumarchais mwenyewe alikufa 1799 bila kulipwa. Warithi wake walikubali franka 800,000 mwaka 1835.

Kuhusu Deane, mwalimu, tenganisha sababu ya kuitwa nyumbani na sababu ya kuchafuliwa jina, kwa maana wanafunzi wengi huzichanganya. Kongresi ilipomwita mwishoni mwa 1777, kilichoiudhi hasa hakikuwa fedha, ni maofisa. Kila Mfaransa mwenye upanga na deni alimwendea Deane akitaka cheo katika jeshi la Washington, naye hakuwa na moyo wa kukataa. Alimpa mkataba Lafayette, na hilo halikumletea lawama, lakini alimwahidi pia du Coudray uongozi wa mizinga, na majenerali Knox, Greene na Sullivan wakatishia kujiuzulu. Deane aliondoka Ufaransa mwezi Aprili 1778 ndani ya msafara wa meli za kivita za admirali Mfaransa d'Estaing, akiwa na kijaluba cha ugoro kilichopambwa almasi, zawadi ya Louis XVI, na bila vitabu vyake vya hesabu, kwa kuwa alidhani anakwenda kutoa taarifa na kurudi. Alifika Philadelphia mwezi Julai. Waliomsubiri walitaka vitabu, na yeye alikuwa na kijaluba.

Je, aliiba? Mimi ningeandika kwenye ripoti yangu kwamba hapakupatikana ushahidi wa wizi, na kwamba hesabu hazikaguliki. Alikuwa akinunua kwa niaba ya umma kwa kamisheni, na wakati huohuo akifanya biashara yake kwa ubia na watu kama Robert Morris, ambaye ndiye aliyekuwa nguzo ya kamati iliyomtuma. Kwa desturi ya wakati ule hilo halikuwa kosa. Fedha za umma na za kwake zilipita mfuko mmoja, na fedha zikishapita mfuko mmoja hakuna mkaguzi duniani wa kuzitenganisha, awe rafiki au adui. Mwaka 1842 Kongresi iliwalipa warithi wake dola 37,000 ikikiri kwamba ukaguzi uliofanywa chini ya Lee ulikuwa na makosa na ulimdhulumu sana. Hapo upande wako wa kuunga mkono hoja una silaha, ila usiwaruhusu waitumie peke yake.

Mama Marobota (Kiboriloni, Moshi)

Mwalimu na Mzee Mkaguzi, heshima zenu. Mimi si msomi wa historia, lakini biashara ya marobota ya mitumba nimeifanya kwa miaka 19, na niliposoma kichwa cha habari chenye "mali kauli" nilisimama nikasoma hadi mwisho. Naomba niongeze la sokoni, kwa sababu nadhani Mzee amelipita haraka jambo moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilimkabidhi ndugu wa mume wangu marobota sita apeleke kwenye minada ya upande wa Babati. Mali kauli: achukue, auze, aniletee fedha, abaki na cha juu chake. Sikujua kwamba kwenye lori hilohilo alikuwa amepakia marobota manne ya kwake. Mvua iliwakuta njiani, turubai likavuja, robota mbili zikaloa na nguo zikaota ukungu. Aliporudi alinikabidhi fedha zilizofungwa kwenye khanga na kijidaftari cha kurasa chache, mbili kati yake zimechanwa. Robota zilizoloa zote zilikuwa zangu. Za kwake hazikuguswa hata na tone. Hadi leo siwezi kusema aliniibia, maana huenda mvua ilizichagua zangu kweli, lakini hakuna siku tumekaa kwenye shughuli ya familia bila turubai lile kukaa katikati yetu.

Nimejisomea kidogo juu ya Nantes, bandari ambako shehena za Wamarekani zilikuwa zikishushwa na kupakiwa, na nimeona lori langu pale. Wakala wa Kongresi alikuwa Thomas Morris, ndugu wa baba mmoja wa yule Robert Morris, naye alishughulikia mali ya umma na mali ya kampuni ya familia kwa wakati mmoja, huku akinywa pombe kiasi ambacho hata waliompenda walichoka kumtetea. Franklin na Deane wakamweka Jonathan Williams, mjukuu wa dada yake Franklin, kusimamia baadhi ya kazi palepale Nantes. Kongresi nayo ikamteua William Lee, kaka yake Arthur Lee, kuwa wakala. Kwa hiyo bandari moja ilikuwa na mawakala watatu, kila mmoja ni ndugu wa mkubwa fulani. Sisi tuna neno letu la zamani kwa hali hiyo, undugunaizesheni, na hakuna upande hata mmoja uliokuwa msafi. Thomas Morris alipofariki mapema 1778, karatasi za umma na za kampuni zilikutwa zimechanganyika sandukuni, na kukawa na mvutano mrefu wa nani ana haki ya kulifungua sanduku hilo. Mwalimu, waambie wanafunzi wako walitazame hilo sanduku. Anayelishika ndiye anayejua robota ipi iliyoloa ni ya nani.

Lawama za namna hiyo zilimwandama pia Robert Morris nyumbani kwake: kwamba meli ikitekwa na Waingereza, hasara inaandikwa ya umma, na ikifika salama, faida ni ya kampuni. Sijui kama ni kweli kwake. Kwangu mimi inatosha kwamba mtu angeweza kusema hivyo na asiwepo wa kumkanusha kwa karatasi.

Na juu ya swali lako la pili, la fedha au chuki: kwa uzoefu wangu hayo hayatengani. Shemeji yangu nilikuwa simpendi sana hata kabla ya mvua.

Wakili wa Sakina (Arusha)

Shikamooni wakubwa zangu. Nimewasoma kwa makini, na naona mnamwonea Arthur Lee, kama karibu kila mtu anavyomwonea, kwa sababu tu alikuwa mtu wa kuchosha. Sitakataa kwamba alichosha. Mwezi Aprili 1778 Franklin alimwandikia barua akimwambia kwamba asipoiponya ile tabia yake ya kushuku na kugombana itamfikisha kwenye wazimu, kisha akaamua kutoituma. Hata hivyo mwalimu akimsimamisha mwanafunzi wa kupinga hoja, mwanafunzi huyo ana haki ya kujua ni mambo mangapi Lee aliyaona kabla ya wengine.

La kwanza na kubwa ni Edward Bancroft. Huyu aliwahi kufundishwa na Deane, na Deane alipofika Paris alimwita kutoka London awe msaidizi wake. Baadaye akawa kama katibu wa wajumbe wote pale Passy, kijiji jirani na Paris alikoishi Franklin. Alikuwa jasusi wa Uingereza anayelipwa mshahara. Taarifa zake aliziandika kwa wino usioonekana, akaziweka ndani ya chupa, na jioni ya Jumanne chupa ikateremshwa kwa kamba kwenye tundu la mti katika bustani ya Tuileries, ambako mtu wa Stormont aliifuata. Lee alimshuku na akasema waziwazi. Deane na Franklin wakamcheka. Hati zilizomfichua Bancroft zilichapishwa mwaka 1889, miaka 100 baada ya kifo cha Deane. Kuna kichekesho chungu humu: Bancroft alikuwa akicheza kamari ya hisa London kwa kutumia habari hizohizo, na kwa sababu hiyo Mfalme George III, aliyewachukia wacheza hisa, hakumwamini. Siri za Wamarekani ziliuzwa kwa mnunuzi aliyedhani ni bandia.

Lakini nikiwa wakili mwaminifu lazima nikiri upande wa pili. Lee aliyewashuku wote alikuwa na jasusi ndani ya ofisi yake mwenyewe, kati ya makatibu wake, naye hakumtambua. Na alipokwenda Berlin Juni 1777, karatasi zake ziliibwa chumbani kwake kwa mpango wa Hugh Elliot, mwakilishi wa Uingereza huko, zikanakiliwa na kurudishwa.

La pili ni molasi. Mkataba wa biashara uliotiwa sahihi tarehe 6 Februari 1778 ulikuwa na ibara ya 11, ambamo Ufaransa iliahidi kutotoza ushuru molasi inayonunuliwa na Wamarekani visiwani kwake, na ibara ya 12, ambamo Wamarekani waliahidi kutotoza ushuru bidhaa yoyote ambayo Wafaransa wanaichukua kwao kuipeleka katika visiwa hivyo. Lee alisimama akasema huwezi kubadilishana bidhaa moja kwa bidhaa zote. Walimwona mkorofi. Kongresi ilipozitazama ibara hizo iliona vivyo hivyo, na zikaondolewa kwa ridhaa ya Ufaransa. Mwanasheria anayesoma ibara mpaka mwisho hapendwi mezani; mimi mwenyewe najua.

La tatu, Hispania. Mapema 1777 alikwenda huko, wakamzuia njiani asifike Madrid, lakini alipanga na Gardoqui, mfanyabiashara wa Bilbao, namna ya kusafirisha mahitaji ya jeshi. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kulalamika tu.

Na Deane naye alijimaliza kwa kalamu yake. Kongresi ilipomzungusha miezi kadhaa bila kumsikiliza sawasawa, alichapisha gazetini, tarehe 5 Desemba 1778, waraka kwa wananchi akiwashambulia Arthur na William Lee pamoja na ndugu zao, wawili kati yao wakiwa wametia sahihi Tangazo la Uhuru. Siku nne baadaye Henry Laurens alijiuzulu urais wa Kongresi kwa sababu wenzake walikataa kumchukulia hatua. Thomas Paine, aliyekuwa katibu wa kamati ya mambo ya nje, akaingia kumtetea Lee, na katika kutaka kuthibitisha kwamba silaha zilikuwa zawadi akaandika gazetini kwamba kuna karatasi za kuonyesha ziliahidiwa kuwa zawadi kabla Deane hajafika. Gérard akapandwa na hasira, kwani Ufaransa ilikuwa imeiapia Uingereza kwamba haikusaidia. Kongresi ikakana kwa maandishi, Paine akajiuzulu Januari 1779, na ukweli ukawa umeharamishwa rasmi na wale waliousoma ofisini kwao.

Deane alirudi Ufaransa 1780 kufuatilia hesabu zake, akafilisika, akakata tamaa, na mwaka 1781 akaandika barua za kushauri kupatana na Uingereza, ambazo zilichapishwa New York na gazeti la upande wa mfalme. Nani angemtetea baada ya hapo? Alikufa melini mwaka 1789, akiwa ndiyo kwanza anaianza safari ya kurudi Amerika. Mwalimu, ukiuliza kama alidhulumiwa, nitasema ndiyo kuhusu hesabu, na hapana kuhusu hizo barua.

Mkaguzi Mstaafu (Arusha)

Wakili, marahaba. La molasi nakukubalia lote, na la Bancroft pia. Lakini usimvue Lee joho la mkorofi haraka hivyo. Mwaka 1780, alipokuwa akirudi nyumbani kwa meli ya Alliance kutoka Lorient, alimpa nguvu nahodha Landais aing'ang'anie meli dhidi ya amri ya Franklin, na nguo nyingi za jeshi zilizosubiri kupakiwa zikaachwa bandarini. Njiani Landais alianza mambo yasiyoeleweka mpaka maofisa wake wakamvua uongozi. Askari wa Washington walipita baridi bila nguo hizo kwa sababu ya ugomvi huuhuu tunaouzungumza.

Na mwalimu, nimekumbuka jambo dogo la kukufaa. John Adams alipofika Passy Aprili 1778 kuchukua nafasi ya Deane, aliomba kuonyeshwa kitabu cha hesabu na kitabu cha barua. Havikuwepo. Alinunua vitabu vitupu akaanza kuandika yeye mwenyewe, na kwa miezi iliyofuata alikuwa katikati ya watu wasiosemezana, akibebwa na kila upande kuwa shahidi wake. Mwezi Septemba Kongresi ilichoka, ikafuta ujumbe wa watu watatu na kumfanya Franklin mwakilishi pekee.

Mama Marobota, hilo turubai lako nitalikumbuka.

Mwalimu wa Historia (Moshi)

Shikamoo Mzee Mkaguzi, shikamoo Mama, na wewe Wakili nakushukuru sana. Nimebadilisha hoja. Jumamosi watajadili kwamba silaha za Hortalez zilikuwa mali kauli na Kongresi ilipaswa kulipa. Upande wa kuunga mkono utakuwa na Hamilton na lile sharti la Vergennes la kurudishia vifaa maghalani. Upande wa kupinga utakuwa na mkataba wa 1783 na ile stakabadhi iliyojitokeza 1794. Deane atabaki kuwa shahidi, si mshtakiwa, na Lee nitampa mwanafunzi anayependa kubishana, maana darasani hatukosi.

Yule binti wa duka la vipuri nimemweka mzungumzaji wa kwanza wa upande wa kupinga. Amekuja leo ofisini na kitabu cha stakabadhi cha mama yake, kile chenye karatasi ya kaboni katikati, akasema atakionyesha meza ya mwenyekiti ili awaulize nakala ya pili ya Deane alibaki nayo nani. Nimemruhusu, mradi akirudishe dukani kabla ya saa sita, kwa kuwa mama yake anacho kimoja tu.